Kabla ya ChatGPT: mashine, masomo na siye watoto wa Lualaba

Bandugu, siku hizi hapa Kolwezi ukikaa na walimu wawili na wanafunzi watatu, dakika kumi haziishi mbele mtu hajataja ChatGPT. Mwalimu atasema: «Ile kintu iko naharibu batoto, habafikiri tena.» Mwanafunzi atajibu: «Profesere, dunia inaendelea, siye tubaki paka nyuma?» Mzazi naye ana swali lake, na pengine ndilo zito kuliko yote: «Mega ya kila siku, nani atalipa?» Kila mmoja anaongea kama vile jambo hili limeanguka kutoka mbinguni juzi.

Mimi ni mtu wa kilimo, si mwanahistoria. Lakini shamba limenifundisha kwamba jani likigeuka rangi, shida mara nyingi iko chini, na lazima uchimbe uone udongo. Njo nilichofanya na ubishi huu. Nilirudi nyuma, nikauliza: ni mara ngapi mashine mpya imeingia katika masomo yetu huku Lualaba, na kila mara ilitokea nini?

Nilichokiona ni hiki. Kila mara tulibishana kama mashine itumike ao ikatazwe. Mara chache sana tuliuliza nani atafundishwa kuielewa, na nani atafundishwa kubonyeza tu. Jibu la lile swali la pili ndilo limetufikisha hapa tulipo.

Shule isiyokuwa na ubao

Tuanze mbali. Mbele ya Wabelgiji kufika, watu wa huku walikuwa tayari mafundi wa shaba. Waliitwa «wala shaba», na mwaka 1926 Monsinyori de Hemptinne aliandika juu yao kwa jina hilohilo. Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, wanaakiolojia walianza kuchimba makaburi ya zamani mwaka 1957. Walikuta watu wamezikwa na misalaba midogo ya shaba, karne nyingi mbele ya Mzungu wa kwanza kukanyaga udongo huu. Misalaba ya namna ile ilitumika pia kama falanga.

Kazi ya kuyeyusha ilifanyika wakati wa kiangazi. Walichimba malakiti, lile jiwe la kijani, wakalichoma kwa makaa ndani ya tanuru iliyojengwa kwa udongo wa kichuguu, huku wakipuliza kwa mivukuto ya ngozi. Hakukuwa kitabu. Kijana alibeba makaa, alipuliza, alikaa karibu na fundi mkuu mpaka macho yake yajue moto uko namna gani wakati shaba inataka kutoka. Aliyemaliza ile shule alijua kufanya kazi, na alijua pia kwa nini kazi inafanyika vile.

Hata kilima walikijua kukisoma. Mahali penye shaba nyingi miti inakataa kuota, kilima kinabaki na majani mafupi. Siye wa kilimo tunajifunza darasani mmea mmoja, Haumaniastrum katangense, ua la shaba, unaostahimili udongo ambao unaua mimea mingine. Wanaakiolojia wenyewe wameufuata mmea huo ili kupata mahali pa matanuru ya zamani.

Mwaka 1892, miezi michache baada ya Msiri kuuawa kule Bunkeya mnamo Desemba 1891, geologi Jules Cornet alipita huku. Vitabu vinasema aligundua utajiri wa Katanga. Lakini machimbo yalikuwako, na watu waliyajua. Cornet aliandika, Ulaya ikasoma, jina lake likabaki. Wale walioonyesha njia hawakuandikwa majina. Tafadhali likumbukeni jambo hili, nitalirudilia tukifika kwa ChatGPT.

Mkono unajua, kichwa kinakatazwa

Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuru ya Lubumbashi ikatoa shaba yake ya kwanza. Mji wetu wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 kama mji wa kampuni hiyo. Toka mwisho wa miaka ya 1920, kampuni iliona kwamba kuleta wafanyakazi wapya kila mara ni hasara. Ikabadilisha siasa: mfanyakazi aje na mke, azae watoto kambini, akae miaka mingi. Watoto wakiwapo, inatakiwa shule. Shule za kambi zikapewa misheni ya Kikatoliki.

Mule mtoto alifundishwa kusoma, kuhesabu, katekisimu, na kuheshimu saa. Kijana alipelekwa kwa ufundi, binti alipelekwa kwenye foyer social kujifunza kushona na kutunza nyumba. Baba zetu na babu zetu waliendesha lokomotivi, wakashika mashine za karakana, na wengi waliijua mashine kwa sikio: ikilia vibaya tu, mzee anajua ni kipande gani kimelegea. Lakini plani na hesabu za ile mashine zilikaa ku biro, na ku biro aliingia Mzungu.

Chuo Kikuu cha Elisabethville kilifunguliwa mwaka 1956, miaka minne tu mbele ya uhuru, na wanafunzi wake wengi walikuwa Wazungu. Ilipofika 1960, Wakongo waliokuwa na diploma ya chuo kikuu katika nchi nzima, hesabu inayotajwa na wanahistoria haifiki 30. Nchi kubwa sawa na hii, yenye viwanda vya shaba vilivyojulikana dunia nzima!

Kwa hiyo mtu asituambie kwamba teknolojia ilichelewa kufika kwetu. Iliwahi sana kufika. Kilichochelewa ni ruhusa ya kuielewa. Mabwawa ya umeme ya Nzilo na Nseke yalijengwa juu ya mto Lualaba miaka ya 1950, kwa ajili ya viwanda. Mpaka leo kuna vijana hapa mjini wanaosoma usiku kwa tochi ya telefone, na nyaya kubwa za kuranti zinapita juu ya nyumba zao zikienda ku migodi.

Mashine inayosahihisha

Wakati tunasema «mashine imeingia shuleni mwaka 2022», tunasahau kwamba mashine inatusahihisha toka zamani. Egzamini ya Leta ilianza mwaka 1967. Mbele ya hapo, kila shule ilitoa diploma yake, na nchi ilitaka kipimo kimoja. Njo ikaja ile njia tunayoijua wote: maswali yenye majibu ya kuchagua, karatasi ya kujaza kodi, na mashine inayosoma.

Tuseme ukweli wote. Kipimo hiki kilikuwa na haki yake. Mtoto wa Kolwezi na mtoto wa Kinshasa wa section moja wanapewa kipimo kimoja. Mashine haijui jina lako, haijui kabila yako, haijui baba yako ni nani. Katika nchi ambako maswali hayo matatu yanaweza kukufungia mlango, si jambo dogo.

Lakini mashine ilifanya pia kazi nyingine, polepole, bila mtu kuipigia kura. Ilibadilisha maana ya neno «kujua». Shule nyingi zikaanza kufundisha kuchagua jibu. Mwaka wa sita ukawa mwaka wa kukariri itemu za miaka iliyopita. Kisha ikaja biashara ya majibu, ile tunayoijua wote. Mwanafunzi anayenunua kodi za majibu hajali swali lilikuwa nini. Anataka namba tu.

Sasa niambieni: yule anayenunua namba, na yule anayekopi jibu la ChatGPT bila kulisoma, tofauti yao iko wapi? Mimi sioni. Ule ugonjwa ulikuwako mbele ya dawa mpya kufika, na dawa haikuuleta.

Miaka ya fotokopi

Mwaka 1967 Leta ilichukua mali ya Union Minière, na baadaye ikaitwa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kila mwaka, na ilibeba shule, hospitali na mifuko ya unga. Kisha ikaanguka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka chini ya ardhi. Mwaka 1994 shaba iliyotoka haikufika hata tani 50,000.

Shule zikaanguka pamoja na mgodi. Toka mwanzo wa miaka ya 1990, katika nchi nzima, mzazi alianza kumlipa mwalimu kwa mfuko wake. Jambo hilo lilidumu mpaka mwaka 2019, shule ya msingi ya Leta ilipotangazwa tena kuwa ya bure. Vitabu vilizeeka maktabani bila vingine kuja. Mwanafunzi wa chuo kikuu akabaki na silabusi ya profesere, iliyopigwa fotokopi ya fotokopi, mpaka herufi zinageuka madoa.

Kisha zikaja kompyuta za sekreteria publik na saiberkafe, na pamoja nazo kopi-kole. Wakubwa zetu wanajua vizuri: ulikuwa unaweza kuingia sekreteria na jina lako na title, ukatoka na TFC nzima, yenye ukurasa wa shukrani kwa Mungu na kwa wazazi. Mule ndani ya TFC ya kilimo ya huku ulikuta wakati mwingine mvua za Kasai na udongo wa Kamerun. Hakuna akili bandia iliyokuwapo. Kulikuwa paka kijana mmoja na kompyuta moja, na jury ambayo haikuuliza: «Shamba lenyewe liko wapi?»

Telefone, na jiwe lililo ndani yake

Wengi hawajui kwamba Kongo, wakati ule Zaire, ilikuwa kati ya nchi za kwanza za Afrika kuwa na telefone ya mkononi. Mwaka 1986 Miko Rwayitare alianzisha Telecel kule Kinshasa. Ilikuwa telefone ya wakubwa, nzito kama tofali, na bei yake ilikuwa ya wakubwa. Mwaka 2000 ikaja Celtel, mwaka 2002 Vodacom, na baada ya miaka michache mama muuza mboga alikuwa na telefone.

Shuleni ilifanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Ilikatazwa kuingia katika chumba cha egzamini, juu ya udanganyifu. Na ilikuwa njo inaleta matokeo: unatuma namba yako kwa SMS, unangoja, moyo unapiga, kisha nyumba yote inalipuka kwa kelele na unamwagiwa poda nyeupe kwa kichwa. Kifaa kilekile, mwezi mmoja ni mwizi, mwezi unaofuata ni malaika. Walimu waliosema «telefone iharibu shule» na waliosema «telefone iokoe shule» walikuwa wote wanaangalia upande mmoja wa karatasi.

Halafu kuna upande ambao siye wa Lualaba hatuwezi kuusahau. Betri ya litiamu inayotumia kobalti ilitokana na kazi ya John Goodenough kule Oxford mwaka 1980, na Sony waliiingiza sokoni mwaka 1991. Mwaka 2019 Goodenough na wenzake wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka ule wa 1991, wakati Ujapani wanauza betri ya kwanza ya namna hiyo, Kolwezi ilikuwa inalia mgodi wake uliobomoka. Hakuna mtu aliyetuambia kwamba lile jiwe lililokuwa kama mdogo wa shaba, litakuja kushika dunia.

Leo zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, na sehemu kubwa yake inatoka huku kwetu. Mwaka 2014 watu wa mtaa wa Kasulo walianza kuchimba ndani ya viwanja vyao, hata chini ya sakafu ya chumba cha kulala. Mwaka huohuo UNICEF ilikadiria kwamba watoto kama 40,000 walikuwa wanafanya kazi katika migodi ya kusini ya nchi. Na Januari 2016 Amnesty International pamoja na Afrewatch walitoa ripoti yao juu ya kobalti, watoto na bakrezere. Hesabu iko rahisi, na inauma: mtoto mmoja anatoka shule juu ya minervale, anaenda kuosha mawe mtoni, ili mtoto mwingine wa mbali apate telefone ya kufanyia devware.

Kwa hiyo wakati mtu anakuja kutufundisha «faida za teknolojia katika elimu», tumsikilize kwa adabu, lakini siye hatuingii katika mazungumzo hayo kama wageni. Tuliingia zamani, kwa mlango wa nyuma, tukibeba mfuko.

Novemba 2022

ChatGPT ilifunguliwa kwa watu wote tarehe 30 Novemba 2022. Januari 2023 shule za Leta za New York ziliifunga kwenye vifaa na mtandao wao. Mwezi wa Mei mwaka huohuo wakaachana na katazo. Septemba 2023 UNESCO ilitoa mwongozo, ikapendekeza kati ya mambo mengine umri usiopungua miaka 13. Mnaona? Hata matajiri walikataza, kisha wakarudi nyuma ndani ya miezi michache. Wasituambie kwamba wana jibu mfukoni.

Januari ileile ya 2023, gazeti la TIME la Marekani lilieleza kwamba wafanyakazi wa Nairobi, kwa kampuni inayoitwa Sama, walisoma maandishi machafu na ya kutisha siku nzima ili mashine ifundishwe kuyakwepa. Malipo yao yalikuwa chini ya dola 2 kwa saa. Ni bandugu zetu, tunasikilizana nao kwa Kiswahili. Rudieni sasa kwa Cornet na wale waliomwonyesha njia. Jina linabaki kwa anayeandika. Aliyefungua macho ya mashine hatajwi.

Sisemi haya ili tuiogope. Nasema ili tujue kwamba ile sanduku haina uchawi. Ni mashine iliyosoma maandishi mengi mno ya watu, ikajifunza neno gani linafuata neno gani, kisha watu wakaisahihisha. Mahali watu waliandika mengi, inajibu vizuri. Mahali watu waliandika machache, inajaza pengo kwa sauti ileile ya uhakika. Na Kiswahili chetu cha huku, udongo wetu wa huku, mashamba yetu ya huku, ni wapi viliandikwa vya kutosha?

Jaribio la mahindi

Nilitaka kuona kwa macho. Nikaiandikia swali ambalo mkulima yeyote anaweza kuuliza: majani ya mahindi yangu machanga yanageuka zambarau, nifanye nini? Ikajibu: fosforasi inakosa, weka mbolea yenye fosfati. Jibu zuri. Katika egzamini ningelipa 14 juu ya 20.

Lakini haikuuliza kitu hata kimoja. Haikuuliza udongo uko namna gani. Udongo wetu mwekundu wa Katanga mara nyingi una asidi, na chuma na alumini vilivyomo vinaikamata fosforasi na kuifunga. Mkulima anaweza kununua mfuko, akaumwaga, na mahindi yasione sehemu kubwa yake. Pengine alitakiwa kuanza na chokaa na samadi. Haikuuliza tena kama shamba liko chini ya mahali wanaosha mawe ao karibu na masalio ya kiwanda. Pale shida inaweza kuwa shaba yenyewe, na fakilte ya kilimo ya UNILU imefanya utafiti mwingi juu ya udongo wa namna hiyo.

Kisha nikaiambia: udongo ni mwekundu, una asidi, shamba liko karibu na mgodi. Hapo ikabadilika kabisa! Ikataja chokaa, ikataja samadi, ikasema nipime udongo na maji. Vizuri sana, ningelipa 17.

Bandugu, tufikiri kidogo juu ya tofauti ya yale majibu mawili. Mashine ilikuwa moja. Kilichobadilika ni muulizaji. Ilinijibu vizuri kwa sababu nilijua tayari nusu ya jibu. Na ile nusu sikuipata kwa kubonyeza, niliipata katika shimo la udongo, magoti chini, na asistanti ananiuliza: «Harufu yake je? Rangi inabadilika wapi?» Mwanafunzi ambaye hajapita pale atapata paka jibu la kwanza, na hatajua kwamba kuna la pili.

Kwetu wa kilimo jambo hili si la pointi. Lualaba inatoa utajiri wa kuendesha magari ya umeme ya dunia, lakini bukari tunayokula inategemea sana unga wa Zambia. Zambia ikifunga mpaka, ao ikipata ukame sawa ule wa 2024, mama anausikia sokoni hapa Kolwezi. Mvua yetu ni moja kwa mwaka, kutoka Novemba mpaka Aprili. Mkulima akipewa shauri baya, hawezi kufuta na kuandika upya. Atangoja mwaka, na watoto wake watangoja pamoja naye. Injinia wa kilimo ambaye TFC yake iliandikwa na mashine, naye hakuisoma, atasimama mbele ya mkulima huyo na kumwambia nini?

Basi tufanye je?

Kukataza hakutoshi. Mtoto wa tajiri ana mega nyumbani na kuranti ya jenereta, ataitumia usiku. Katazo litamwangukia yule asiyekuwa na kitu. Na tusiwe wanafiki: kwa mwanafunzi ambaye maktaba yake ina vitabu vya mbele ya yeye kuzaliwa, hii mashine ni mlango. Inaweza kumweleza neno gumu la Kifaransa kwa Kiswahili, mara tatu, mara nne, bila kumchekelea.

Kuachilia kila kitu nako hakutoshi. Tumeona kopi-kole ilitupeleka wapi.

Dawa moja iko tayari katika nyumba yetu. Egzamini ya Leta haikuwahi kuwa itemu peke yake. Kuna hors-session: dissertation ya kuandika kwa mkono, Kifaransa cha kuongea, na kwa section za ufundi jury ya mazoezi. Mule unasimama, unaulizwa, unaonyesha kwa mikono. Ile sehemu tumeizoea kuiona kama kitu kidogo cha pembeni. Mimi naona wakati umefika iwe kubwa. Mwanafunzi aandike na mashine akitaka, lakini aje na kaye yake ya shamba, aeleze kwa mdomo wake, na jury imuulize «kwa nini» mara tano.

Ya pili ni kazi ya walimu, nao ni wenzetu, wengine wetu ni maasistanti leo. Swali lisilokuwa na mahali linajibiwa na mashine. «Taja faida za chokaa» ni swali la mashine. «Pima udongo wa mashamba mawili ya Kapata, moja la juu na moja la bondeni, utueleze kwa nini havifanani» ni swali la mtu. Linachosha kusahihisha, najua, na mshahara tunaujua. Lakini hakuna njia ya mkato hapa.

Ya tatu ni falanga, na hapa tuongee kama bantu bazima. Code minier ya mwaka 2018 inasema asilimia 15 ya redevansi ya migodi iende kwa ETD, yaani miji, komini na sekteri, na asilimia 25 iende kwa jimbo. Kwa hiyo falanga yenye jina la mahali petu ipo katika sheria. Siku wakubwa wakisema wataleta tableti shuleni, tupige mikono, kisha tuulize: na labo ya udongo? Na kuranti ya kuchaji? Na vipimo vya pH kwa kila shule ya kilimo? Tableti bila labo itatupa kizazi kingine kinachobonyeza, sawa na vile babu zetu walivyopewa mashine bila plani.

Hapo njo historia inatuacha. Fundi wa tanuru alijua kazi na alijua sababu ya kazi. Mfanyakazi wa kambi aliachiwa kazi, akanyimwa sababu. Mwanafunzi wa itemu alipewa jibu, akasahau swali. Siye wenye telefone yenye jiwe la kwetu ndani yake tuna nafasi ya kuirudisha ile sababu mikononi mwetu, na hakuna mtu atakayetuletea kwa furushi. Profesere akikupa swali kesho, uliza mashine ukitaka. Halafu vaa buti, uende shambani uone kama imesema kweli.